Mama Mkwe Juu ya Mabati

Bwana asifiwe! Nyinyi wa nyuma mmelala? Bwana asifiwe tena!

Mimi ni Mama Daisy. Wengi wenu hapa mtaani Satellite mnanijua kwa nguo za watoto ninazouza pale steji ya matatu, na mnajua nina mdomo. Leo sitawauzia kitu. Nimesimama kumsifu Mungu, na kumsifu mtu mmoja aliyetumwa na Mungu.

Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba kule Kinoo, nje kidogo ya Nairobi. Aliugua muda mfupi tu, akatuacha. Tukampeleka nyumbani, magharibi, tukamzika mbele ya nyumba yetu. Watoto watatu, wote wadogo. Matanga hayajaisha vizuri, wazee wa ukoo wakaniita wakaniambia kwamba shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye atanirithi, niwe mke wake. Shemeji ana bibi yake na watoto wake! Nikawaambia mimi nimeokoka, sirithiwi. Hawakunigombeza. Walicheka tu, wakasema tutaona. Mama mkwe alikuwa ameketi papo hapo, kimya, nikajua basi, na yeye ni wao.

Ndugu zangu, walijua wanachosema. Ilikuwa msimu wa mvua, na upepo ulikuwa umeinua mabati upande wa chumba cha kulala. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Ni mwiko, wanasema analeta kifo bomani. Na mwanaume akipanda juu ya nyumba ya mjane, hiyo ni kama ametangazia kijiji kwamba huyu ni wangu. Kwa hivyo hakuna fundi angekubali, umbembeleze namna gani. Wote walikuwa wanangoja shemeji apande, na shemeji alikuwa anangoja nimwite. Alikuwa akipita anaangalia mabati, ananiuliza kwa upole kama watoto wamelala vizuri. Huo upole ndio ulinichoma kabisa.

Mtasema, si ungerudi Nairobi? Waliniambia nikitaka kwenda, njia ni hiyo, lakini watoto ni wa ukoo na shamba ni la ukoo. Ningewaacha watoto wangu niende wapi? Nikakaa. Nilihamisha kitanda kona hii, maji yakafuata. Sufuria zote ziko chini zinakinga maji, sasa tupikie nini? Kitinda mimba wangu, Ayub, akaanza kukohoa, kifua kikambana, na kule zahanati daktari akaniambia, mama, huyu mtoto anataka kulala mahali pakavu. Nilitoka pale nikilia njia nzima.

Nikapiga magoti kwenye lile tope la ndani, nikaomba. Baba, nitumie mwanaume mmoja tu anayekuogopa, apande hapa bila kunitaka. Niliomba na kufunga. Hakuna aliyekuja, na Ayub akazidi. Mwisho nikaamua Jumapili tukitoka kanisani nitamwita shemeji. Siwadanganyi, nilikuwa nimeshindwa.

Jumapili hiyo natoka kanisani na watoto wangu, naona watu wamejaa njiani, wanaangalia nyumbani kwangu. Ngazi imeegemezwa ukutani. Na juu ya mabati, mama mkwe wangu!

Mzee mwenye magoti mabovu, jamani! Amevaa suruali ya marehemu ndani ya rinda, ameikaza kiunoni kwa kamba, misumari mdomoni, nyundo mkononi, anagonga. Tena juu ya chumba cha kulala cha mwanawe, mahali ambapo mama mzazi wa kwetu hawezi hata kuchungulia. Na alichagua saa ya watu kutoka kanisani, ili asikose mtu wa kuona.

Shemeji akaja mbio. Akamsihi ashuke, akamwambia atatuletea laana sisi wote. Mama akatoa misumari mdomoni, akamjibu bila kupaza sauti.

"Baba yenu alipokufa, nyumba yangu ilivuja. Nikamkubali ndugu yake kwa sababu ya mvua, si kwa kitu kingine. Huyu hatakubali mtu kwa sababu ya mvua. Wewe shika ngazi."

Shemeji akashika ngazi. Kama ni aibu, kama ni hofu mamake ataanguka, sijui, lakini aliishika mpaka mama akamaliza, kijiji kizima kinaangalia.

Wazee walikuja kulalamika. Mama akawaambia hiyo laana ikija ianze na yeye, amekula chumvi ya kutosha. Basi wakangoja kuona nani atakufa. Ndugu zangu, hakufa mtu. Hata kuku hakufa! Ayub alipona, na habari ya kunirithi hakuna aliyeitaja tena. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nirudi huku nitafute riziki na watoto wangu, na shamba langu atalilinda yeye. Mpaka leo analilinda.

Mimi niliomba mwanaume. Mungu akanitazama, akanitumia mwanamke. Haleluya!

Juzi nilimuuliza kama siku ile hakuogopa ule mwiko. Nilifikiri atacheka. Akaniambia aliogopa sana, mikono ilikuwa inatetemeka hata msumari wa kwanza ukapinda, na alikuwa anaamini kabisa kwamba hataiona Jumapili nyingine. Alipanda akijua anakufa. Kwa ajili yangu, mimi niliyedhani ni adui.

Kwa hivyo dada yangu uliyeketi hapo, unayetaka kukubali jambo kwa sababu ya mvua, usikubali. Mwite Yesu. Usimchagulie atakayemtuma. Na kama ni wewe anayekutuma leo, panda hata kama unatetemeka.

Mama amekuja Nairobi kutibiwa magoti. Ni yule pale dirishani, mwenye kitambaa cheupe, anayejifanya hanisikii. Mama, najua hupendi, lakini simama kidogo watu wa Mungu wakuone.