Bogonko na Ng'ombe wa Barafu

Bogonko Nyakundi anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 1998, baada ya kulitumikia shamba letu la chai hapa Kericho kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia kuosha vyombo katika klabu ya wafanyakazi, akapanda hadi mpishi mkuu. Kwa sababu ya chapati zake, wanaume wengi walichelewa kurudi kwa wake zao.

Mwaka 1993 alipelekwa hoteli moja Nairobi kujifunza mapishi ya sherehe. Huko aliwatazama mafundi wakichonga barafu, na aliporudi hakuwa na hadithi nyingine. Krismasi hiyo aliagiza bonge la barafu kwa wauza samaki wa Kisumu, likafika kwenye magunia na unga wa mbao. Tulimzunguka akilichonga kwa patasi ya seremala, mpaka ng'ombe akatokea, na ndama akinyonya. Watoto walilamba pembe kabla pasta hajamaliza maombi.

Mwaka uliofuata alichonga tena. Siku chache baadaye mvua ya mawe ilipukutisha chai yote, wachumaji wakakosa kazi. Chepkurui, mmoja wao, akamkabili mlangoni mwa jikoni: "Wewe Bogonko, si ni hiyo ng'ombe yako imeita mawe? Sasa tuchume nini, vijiti?" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Ikasemwa pia kwamba yeye ni Mkisii, si wa hapa, hana uchungu na chai yetu.

Wakati huo nilikuwa afisa wa maslahi ya wafanyakazi, na kabla ya hapo mwalimu wa jiografia. Mkutano wa wafanyakazi kuhusu jambo hilo uliponiuliza kama barafu yaweza kuita mawe, nilijibu, "Mambo mengine hatuwezi kuyajua." Niliogopa kuitwa mtetezi wa mgeni. Bogonko akaondolewa jikoni, akapelekwa banda la kuni, na huko ndiko anakostaafia. Akikutana nami bado husema, "Habari ya leo, mwalimu?" Nami hutazama chini.

Naumwa, na sitaki kuzikwa na jambo hili. Mvua ya mawe huipiga Kericho karibu kila mwaka. Iliipiga kabla Bogonko hajazaliwa. Niliwafundisha watoto wenu hivyo darasani, na siku ile ya mkutano nilijua.

Asante, Bogonko, kwa miaka uliyotulisha. Nakuomba msamaha mbele ya wote wasomao ukurasa huu wa jarida letu la shamba. Urudi kwako Nyamira na jina safi, na uzee wako uwe mwepesi kuliko wangu.

Mwalimu Benard Kipchirchir