Marehemu Hakufa Siku ya Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, wazee wa hekalu na kamati zake zote, ile kuu na zile ndogo ndogo, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee historia ya baba yetu, fundi miwani, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Mawio, na asubuhi hii hii mwenyekiti wa kamati ya hekalu, ambaye ni baba yetu mdogo, ameniomba nisome kwamba marehemu alifariki ndani ya siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, siku ya mfungo, ambayo kwetu ni heshima kubwa kufia, nami nimemjibu kwa adabu zote kwamba huko tutafika, tuanze kwanza na kuzaliwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, jioni ile majirani walipokuwa wakiwasha moto wa sikukuu ya Holi, na bibi alizoea kusimulia kwamba mkunga alisimama njiani kuutazama moto, alipofika akamkuta mtoto keshatangulia kufika. Karani wa vizazi aliandika tarehe 23, kwa kuwa ndiyo siku aliyokuwa na nafasi, na baba alipokwenda ukubwani kuomba marekebisho aliambiwa kwamba ili tarehe irekebishwe sharti kwanza alete cheti chenye tarehe sahihi, jibu ambalo alilipenda mno, akawa analisimulia kila tukipata wageni. Mdogo wake pekee, baba yetu mdogo, alizaliwa mwaka 1955.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1968, akiwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kuchora, na mwaka 1969 akaanza kujifunza kusaga lenzi kwa fundi mmoja mzee mwenye hasira, hadi tarehe 1 Julai 1974 alipofungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, jiwe la kusagia lililolowa maji mchana kutwa, trei za fremu zilizopangwa kwa ukubwa wa pua, na ule ubao wa herufi ambao nusu ya mtaa huu mliusoma kwa kubahatisha.

Ni katika karakana hiyo alipoingia mama yetu, mapema mwaka 1976, akiwa na babake mzazi, akapimwa, akaambiwa macho yake ni mazima na arudi nyumbani, mzee akanung'unika kwamba wamepoteza safari, na wiki iliyofuata mama akarudi peke yake akisema haoni vizuri, na baba, ambaye kwa mambo mengine alikuwa mwepesi wa kuelewa, akampima upya. Walifunga ndoa tarehe 9 Mei 1976, wakajaliwa watoto watatu, mimi, mdogo wangu aliye fundi umeme, na kitinda mimba wetu aliye muuguzi.

Kazi iliyompa jina la Mawio hakuajiriwa na mtu kuifanya. Kalenda ya mwezi iliyotuongoza katika sikukuu na mifungo ilikuwa ikiletwa kutoka ng'ambo, nayo ilipigwa hesabu kwa jua la huko, ilhali siku ya mfungo huamuliwa kwa kuangalia ni siku ya ngapi ya mwezi iliyopo jua linapochomoza hapo mtu alipo, na jua, kama baba alivyopenda kusema, halina makao makuu. Siku ya mwezi nayo huanza na kuisha saa yoyote, iwe mchana au usiku. Jua la kwao likitangulia kuchomoza, mwezi unaweza kuwa na siku moja kwao na nyingine kwetu, na mtu wa hapa akafunga siku isiyo yake, akiwa amekauka koo kwa nia njema. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1979 baba alipiga hesabu ya hapa petu, na baba mdogo, ambaye tangu utotoni alikuwa akipanda naye darini kuangalia mawio, ndiye aliyeketi kando yake kuhakiki, na kazi yake hasa ilikuwa kugeuza saa za ng'ambo kuwa saa zetu. Karatasi moja tu, haina picha, ilibandikwa nyuma ya mlango wa jiko katika kila nyumba yetu, na sehemu iliyojaa wino kuliko zote ilikuwa ya Machi na Aprili, kwa maana Holi ikipita tu zinafuata siku tisa za mwezi wa Chaitra, kisha sikukuu ya kuzaliwa kwa Rama, kisha mfungo wa kumi na moja, kisha sikukuu ya Hanuman ya mwezi mpevu, na mama akilalamika kwamba hajui apike lini na asipike lini, baba alimjibu, "Mke wangu, soma mlango."

Mwaka 2013 kamati kuu iliunda kamati ndogo ya kalenda, kamati ndogo ikachonga mhuri kabla ya kufanya kikao, na kikao kilipofanyika ikapendekeza turudie kalenda ya ng'ambo, yenye karatasi ya kung'aa na picha kumi na mbili. Jioni ya kuamkia mkutano, baba mdogo alikula kwetu, akaosha mikono, akamshika baba bega, akasema mbele yetu sote, "Kaka, lala usingizi. Mimi niko nyuma yako." Kesho yake, Jumapili tarehe 6 Oktoba, aliketi nyuma yake kweli, safu ya pili, na ilipoitishwa mikono ya wanaotaka kalenda ya ng'ambo, baba alisikia kitambaa cha shati kikisugua hewa karibu na sikio lake, akageuka, akauona mkono wa mdogo wake uko juu. Baba mdogo akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, watu wanataka picha." Kalenda ilipotoka, chini ya picha ya kila mwezi palikuwa na picha ya pili, ndogo, ya duka la vitambaa la baba mdogo.

Baba hakugombana naye. Aliendelea kupiga hesabu zake kwa ajili ya mlango mmoja, wa kwetu, na masika yaliyofuata mfungo ukaangukia siku mbili tofauti, sisi tumefunga huku harufu ya vitunguu vya mama mdogo, mke wa baba mdogo, ikituingilia kupitia ukuta tunaopakana, na kesho yake wao wamefunga huku sisi tunakula tukiona aibu ya kugonganisha sahani. Alikwenda mara moja tu kumweleza mdogo wake kwamba hata saa za kalenda ile zinasomwa kama zilivyoandikwa, hakuna anayezigeuza, akajibiwa, "Hilo lipitishe kamati ndogo, Kaka," na hilo ndilo neno lililomvunja, kwa kuwa aliyemjibu ndiye aliyekuwa mgeuza saa.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2021, daktari akamkataza kufunga, wakapatana kwamba atafunga kwa matunda na dawa zote, na tarehe 2 Aprili 2025 akalazwa. Tarehe 8 Aprili ilikuwa siku ya mfungo, na mwaka huu kalenda zote mbili zilikubaliana. Jioni alimwuliza kitinda mimba wetu saa, akaambiwa ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, akasema, "Basi ya kumi na moja imekwisha toka. Tuko ya kumi na mbili." Alifariki saa mbili kasoro dakika kumi usiku, kwa utulivu, mama amemshika mkono.

Kalenda ya kamati inasema siku ya kumi na moja iliendelea hadi saa tatu na dakika kumi na mbili usiku. Hiyo ni saa ya ng'ambo, inayotutangulia kwa saa mbili na nusu; kwetu ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili jioni. Baba mdogo alipofika wodini alilia kilio cha kweli, sote tulimwona, kisha akasema, "Kaka kabahatika, kafa siku ya mfungo," naye anajua kutoa saa hizo kuliko yeyote kati yetu, maana alizitoa miaka thelathini na nne. Baba mdogo, tunaelewa kwamba unampa zawadi. Lakini unampa kwa kalenda ileile, na safari hii hawezi kugeuka akutazame.

Kwa hiyo familia inatangaza kwamba marehemu alifariki siku ya kumi na mbili ya mwezi mchanga wa Chaitra, siku ya kawaida isiyo na heshima yoyote ya ziada, na kumbukumbu yake kila mwaka itakuwa siku hiyo. Atakayekuja siku ya kumi na moja atatukuta tumefunga na jiko ni baridi. Siku ya kumi na mbili kutakuwa na chakula, na mama amesema sahani ya baba mdogo itawekwa. Mimi sikuulizwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani wa pande zote mbili za ukuta, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, na mama mdogo, ambaye tangu juzi anatupikia bila kuuliza kalenda ya mtu.

Baba, pumzika kwa amani, kwa saa za hapa petu.