Korie Renno na Kisu Ambacho Hakukinoa

Wazee wa kanisa, ndugu, majirani, nanyi mliofunga farasi safari ya mbali kukiwa bado na barafu barabarani, asanteni kwa kuja. Maneno haya nawasomea mimi Ezra, mwana wa kwanza wa marehemu, na yameandikwa na binti yangu Lomie, aliyemuuguza babu yake huku akinyonyesha. Baba alituagiza tusimsifu, akasema sifa ni za Mungu, lakini aliagiza pia jambo moja lisomwe mbele yenu nyote, nasi tutalisoma mahali pake.

Korie Renno alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba hii hii, kwenye chumba kinachotazama bustani, akiwa mtoto wa nne wa Jonas na Saloma Renno, na miaka mitatu baadaye akafuatwa na mdogo wake Yost, ambaye ameketi hapa mbele.

Kuanzia Septemba 1953 hadi Mei 1961 alisoma katika shule ya chumba kimoja pale njia panda ya kinu, akamaliza darasa la nane kama sisi sote, na wenzake waliobaki wanakumbuka kwamba asubuhi za baridi alikuwa akiwachongea wadogo penseli kwa kisu chake cha mfukoni, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vimekufa ganzi.

Alipotoka shule alifanya kazi ya shamba pamoja na baba yake, akikamua ng'ombe ishirini na wawili kwa mkono, na kila mwaka ulipofika msimu wa kuwinda kulungu alipanda mlimani na Yost. Jumatatu, tarehe 29 Novemba 1971, siku ya kwanza ya msimu, Yost aliangusha dume lenye pembe za matawi manane kabla ya saa nne asubuhi, akaanza kulipasua na kulitoa matumbo pale pale kwenye theluji, kwa kisu alichopewa na Korie, kisu kizuri cha kutazama, chenye ubapa wa karibu shibiri nzima, na alipofika kwenye mfupa wa nyonga akasukuma kwa nguvu zake zote, kisu kikateleza, kikaingia pajani mwake. Korie aliufunga mguu kwa kanda za suruali yake, akambeba mgongoni maili moja na nusu hadi barabarani. Yost alipona, lakini mguu haukunyooka tena, hakuweza kufuata jembe la farasi, kwa hiyo shamba la baba lilibaki kwa Korie, naye Yost akahamia ng'ambo ya mlima, akawa fundi wa hatamu.

Baada ya hapo Korie hakuwinda tena. Badala yake, kuanzia Novemba 1972 hadi mwaka huu, alinoa visu vya kila aliyemletea, wa kanisa letu na asiye wa kanisa letu, katika kona ya chumba cha maziwa, wala hakupokea malipo ila mayai. Alitaka kisu cha kulungu kiwe kifupi, ubapa usizidi upana wa kiganja, ncha yake iwe imeinama isije ikatoboa utumbo na kuharibu nyama, na mpini uwe mkavu, usioteleza mkono ukiwa na mafuta. Aliyeleta kisu kirefu alirudishiwa kikiwa kimenolewa, lakini pamoja nacho aliazimwa kifupi chenye kitambaa chekundu mpinini, kisipotee kwenye majani, na msumeno mdogo wa mfupa. Mwaka fulani jirani yetu Delbert Gutshall alileta kisu kipya chenye ndoano mgongoni, Baba akakigeuzageuza, akamuuliza, "Delbert, sasa unakwenda kuwinda au kuvua samaki?" Delbert akajibu, "Noa tu, mzee, nyumbani nimeshachekwa vya kutosha."

Alianza na kinoo cha kukwaruza, akamalizia na kile laini, vyote vikiwa vimelowa maji, akiinua mgongo wa kisu kwa unene wa sarafu mbili tu, akihesabu kimya kimya, kisha akakipitisha kwenye ukanda wa ngozi. Na hakumkabidhi mtu kisu bila kumpa kipande cha gazeti na kusema, "Usiniamini mimi, kijaribu." Alimwambia hivyo hata askofu. Wengi mlicheka, mkasema ni tabia yake tu.

Alifunga ndoa na Malinda Speicher Jumanne, tarehe 6 Novemba 1973, nyumbani kwa baba yake Malinda, na Mungu akawajalia watoto sita, mmoja wao, Saloma, akatutangulia akiwa na siku nne. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya Saloma, Baba alimnolea Mama visu vyote vya jikoni bila kuambiwa, na Mama hakumshukuru kwa maneno, alimwokea pai ya tufaha. Mama alifariki tarehe 2 Februari 2016. Marehemu ameacha watoto watano, wajukuu thelathini na mmoja, na vitukuu tisa.

Julai mwaka huu aliumwa tumbo, tukampeleka hospitali, akaonekana ana saratani ya kongosho, naye akaomba arudi nyumbani. Ndipo akaanza kukosa usingizi, na haikuwa kwa maumivu peke yake. Alimwambia Lomie kwamba kuna neno amelibeba tangu ujana, na anaogopa kufa nalo, na anaogopa zaidi kulisema. Lomie akamwandikia Yost barua.

Yost alikuja Jumamosi, tarehe 4 Novemba, akaketi kando ya kitanda, na hili ndilo jambo ambalo Baba aliagiza mlisikie.

Baba alisema, "Yost, asubuhi ile uliniuliza kama nimekinoa kile kisu, nikakuambia nimekinoa Jumamosi. Sikukinoa. Nilikuwa na haraka, nikakipaka mafuta king'ae, basi. Na shamba nikalichukua mimi."

Yost akasema, "Kaka, mimi ndiye niliyekishika. Kwani mtu hajui kisu butu kikiwa mkononi mwake? Nilijua kabla sijafika kwenye mbavu."

"Miaka hamsini na miwili, na hukusema?"

"Ningesema, si ungeacha kuwanolea watu? Tena mjinga nilikuwa mimi, niliyesukuma badala ya kusimama. Nilikusamehe kabla hujanifikisha barabarani, kwa jinsi ulivyokuwa unahema, nilidhani wewe ndiye utakayekufa."

Baba alilia, kisha akacheka, kisha akaomba kinoo. Yost akatoa kisu kile kile ndani ya koti lake, kikiwa kimefungwa kwa ngozi, na makali yake hayakuwa yameguswa tangu 1971. Mikono ya Baba haikuwa na nguvu, kwa hiyo Yost aliliweka jiwe juu ya goti lake bovu, akalishikilia, na Baba akanoa, akipumzika kila baada ya mara tano, mpaka ikafika saa ya kukamua. Alipomaliza alisema, "Usiniamini mimi, kijaribu." Yost akakata ukingo wa gazeti, akasema, "Sasa ndiyo, kaka."

Tangu siku ile alilala vizuri. Alifariki Jumanne, tarehe 21 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita, miezi minane na siku saba.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyevua viatu mlangoni kila alipokuja ingawa hakuna aliyemwambia. Tunamshukuru Delbert kwa gari lake, vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, na akina mama ambao siku hizi tatu hawakutuachia sahani hata moja ya kuosha.

Msimu unafunguliwa kesho. Baba aliacha mezani visu vyenu kumi na saba, sita tu vikiwa vimenolewa. Kumi na kimoja vilivyobaki amevinoa Yost, tangu Jumanne, akiwa amekalia stuli ya kaka yake. Viko katika chumba cha maziwa, na gazeti liko pembeni. Kila mmoja achukue chake, na asitoke kabla hajakijaribu.

Lala salama, Baba, umepumzika sasa.