Pedeli ya Wanawake

Kijiwe chetu pale Zombe, Ukambani, ni kiti cha mbele cha lori lililokufa zamani, kimeegemezwa ukuta wa hoteli ya Mama Wariara, na mwenye kuchelewa hukalia jiwe. Mama Wariara, jina lake hasa Wamucii, ni mke wa Njogu mwenye duka la jirani. Walifanya biashara Sultan Hamud kwenye barabara ya Mombasa kabla ya kuja kwetu, na ndiye peke yake sokoni anayechemsha kahawa, kwa sababu, asema, kwao wanailima na hawainywi. Ijumaa hiyo ya mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na nne, jua lilikuwa limetukausha hadi mate, na baiskeli ya Muthama ilikuwa mbele yetu, magurudumu juu, pedeli moja haipo. Ilivunjika Jumatatu ikitoka mtoni na mitungi ya maji. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta maji ya hoteli, na Ndululu mwenye punda alikuwa ameshapita kumkumbusha Mama Wariara kwamba punda hawana pedeli. Muthama asipoipanda kufikia wiki ijayo, kazi ya maji ni ya punda. Basi tulikuwa na hasira, na mimi niliwashinda wote, maana hata kikombe changu kililetwa nusu.

Na si baiskeli ya kawaida. Ni mauntenbaiki, baiskeli ya milimani, ya kwanza na ya mwisho kuonekana Zombe. Mzungu wa mradi wa visima alipomaliza muda wake alimwachia Muthama, aliyekuwa mlinzi wake. Mradi ukaisha, maji hayakutoka, baiskeli ikabaki. Ilikuja na gia kumi na nane na haina hata mahali pa kufungia kuku. Injinia, yaani fundi Ndolo, akaitia adabu: akaiwekea keria ya vyuma vya dirisha, madigadi ya debe, stendi ya miguu miwili na kengele ya baiskeli ya marehemu baba yake.

Injinia aliinua pedeli mpya ambayo Njogu alikuwa ameileta jana kutoka mjini Kitui. Ilikuwa ndogo, nyeupe, na ina ua la waridi kila upande.

Injinia: Tazameni hii kitu. Tazameni! Mimi nilisema pedeli ya mauntenbaiki. Hii ni sahani ya mtoto!

Habari: Imeandikwa imetoka wapi?

Habari ni Musyoka. Redio yake haizimwi, na kila jambo kwake lina mkono wa serikali.

Injinia: Haijaandikwa. Kitu ya aibu haiandikwi. Na huu msumari yake ni mwembamba, ukiingiza kwa tundu unacheza kama jino ya mzee.

Muthama: Mimi nilimwambia Njogu vizuri kabisa.

Aleluya: Ulimwambia. Tena mimi nilikuwa shahidi.

Aleluya ni Ndeti, shemasi wa kanisa letu, na huwa shahidi wa mambo mengi.

Habari: Hii si makosa. Hii ni mpango. Mzungu anakupatia baiskeli ya bure, sivyo? Bure! Alafu inavunjika kitu moja ndogo, na hiyo kitu iko kwao peke yake. Hapo utanunua spea mpaka watoto ya watoto yako.

Injinia: Ndiyo maana mimi niliondoa zile gia. Zilikuwa kumi na nane. Nikatoa kumi na saba, ikabaki moja, ile ya ukweli. Haba na haba hujaza kibaba.

Aleluya: Tena ulifanya ya Mungu. Imeandikwa, hakuna mtu anaweza kutumikia gia mbili.

Muthama: Lakini ile mlima ya kutoka mtoni, zile gia zilikuwa zinasaidia.

Injinia: Zilikuwa zinakudanganya! Unazungusha miguu kama mwenda wazimu na baiskeli iko hapo hapo. Hiyo ni kazi? Alafu cheni ilikula suruali yako, umesahau? Ndiyo wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo sote tulitikisa kichwa, maana suruali ile tuliiona.

Nilisema nami neno langu. Nilisema kwamba mtu akitumwa Kitui na mzee mzima, kwa heshima, akaleta kitu chenye maua, huyo amemtukana mzee huyo na kijiwe chote. Sikusema kwa upole. Mama Wariara alikuwa mlangoni na birika, akanitazama, akarudi ndani bila kunimiminia.

Habari: Sasa sikieni. Ndululu alionekana kwa duka ya Njogu Jumanne.

Aleluya: Aiya!

Habari: Alionekana. Alinunua chumvi. Punda inakula chumvi, sawa. Lakini chumvi yote ile?

Injinia: Unataka kusema Njogu amekula na Ndululu?

Habari: Mimi sisemi. Nauliza. Nani anafaidika pedeli ikikosa kuingia? Punda.

Aleluya: Hata hiyo ni ndogo. Mimi naona kubwa. Hii baiskeli ni ya kiume. Ina ile chuma ya juu, si ndiyo? Sasa mtu akiweka pedeli ya kike kwa baiskeli ya kiume, hiyo ni nini?

Injinia: Ni ndoa.

Aleluya: Ni ndoa! Bila kanisa, bila wazazi! Hiyo baiskeli italeta laana mpaka kwa maji. Mama Wariara atachemsha kahawa ya laana, na sisi tutakunywa.

Habari: Sasa tufanye nini?

Injinia: Tumsusie. Kuanzia leo hakuna mtu ananunua kwa Njogu hata kiberiti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na pedeli ni guu ya baiskeli.

Habari: Kabisa! Tumsusie yeye na nyumba yake yote. Mama Wariara! Ongeza kahawa hapa!

Mama Wariara (kutoka ndani): Ni hiyo nusu nusu tu. Maji ni kidogo.

Habari: Mnaona? Ameanza kulipiza.

Njogu akatoka dukani kwake. Ni mtu mpole, mwembamba, kofia haivuliwi hata wakati wa kula, lakini siku hiyo shingo ilikuwa imemsimama. Ukuta wa duka lake ni wa mabati, na kila tulilosema alikuwa amelisikia.

Njogu: Muthama, wewe ni mzee yangu na sijawahi kukukosea. Uliniambia nikuletee nini? Sema mbele ya hawa.

Muthama: Nilikuambia uniletee pedeli ya mguu ya wanawake.

Njogu: Mmesikia?

Sote: Tumesikia.

Njogu: Basi!

Injinia: Basi nini? Sasa mbona hukuleta?

Njogu alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mzima mmoja kati yetu.

Njogu: Sikuleta? Mimi nimezunguka Kitui yote, duka kwa duka, nauliza pedeli ya wanawake! Wamenicheka! Mmoja ameniuliza kama bibi yangu ananiendesha! Nimepata hii kwa duka ya mwisho, ilikuwa kwa baiskeli ya msichana, nikaona heri nipate aibu kuliko mzee akose. Na ndiyo mnaniita mwizi?

Habari: Hakuna mtu alisema mwizi.

Njogu: Mlisema nimekula na punda!

Muthama alikuwa amesimama. Akanyanyua mguu wake mmoja na kuupiga kofi pajani.

Muthama: Huu! Nilisema mguu ya wanawake! Huu!

Njogu: Huo ni mguu yako.

Injinia naye akanyanyua wake, na Aleluya, na Habari, nami nikajikuta nimenyanyua wangu. Tulisimama hapo wanaume wazima watano, kila mmoja kwa mguu mmoja, tukimwonyesha Njogu kitu kilicho wazi kabisa.

Njogu: Hiyo ni kushoto!

Muthama: Ndiyo hiyo hiyo!

Hapo ndipo nilipoelewa, na nitawaeleza wasiotoka kwetu. Kwa Kikamba mkono wa kulia ni wa wanaume, na wa kushoto ni wa wanawake. Miguu hali kadhalika. Mtoto huanza kujua hivyo kabla hajajua kufunga kifungo. Muthama aliligeuza tu neno lake likawa Kiswahili, na sisi sote tuliolisikia tuliona Kiswahili safi. Njogu na mkewe si Wakamba. Walisikia wanawake, wakafikiria wanawake.

Ungedhani tungeomba radhi. Kwa kweli hasira ndiyo ilipanda.

Habari: Sasa Njogu, umekaa huku miaka mingapi? Na hujui mguu ya wanawake?

Aleluya: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sasa mgeni amekuja, mwenyeji amekuwa mgonjwa!

Njogu: Mimi huko kwetu nina kushoto na kulia. Kama mlitaka kushoto si mngesema kushoto!

Injinia: Hiyo kushoto ni ya polisi, ya gwaride. Ya mwili ni ya wanawake. Tena hata pedeli yenyewe inajua! Sikiza, nikufundishe. Pedeli ya upande ya wanaume unafunga kama kila kitu. Ya upande ya wanawake inafungwa kinyume. Ukienda nayo kawaida, inakataa. Sasa nani aliiambia chuma? Ni Mungu. Upande ya wanawake ni kinyume tangu mwanzo, na ndiyo maana huvunjika kwanza.

Aleluya: Amina. Tena mtu hupanda baiskeli kwa upande gani? Ya wanawake. Uzito yote iko hapo, na haijui kuvumilia.

Habari: Mpaka kwa serikali ni hivyo. Upande moja dhaifu, nchi yote inachechemea.

Nami nilicheka, na nikasema hata kiatu changu cha mguu huo ndicho huisha kwanza. Tulikuwa tumefurahi sasa. Hatia ilikuwa imepata mwenyewe, na hakuwa mmoja wetu. Njogu alikuwa amevua kofia, jambo ambalo sijaliona tena.

Ndipo Mutindi akatokea kwenye kona ya soko. Mutindi ni mke wa Muthama. Alikuwa ameinama mbele kabisa, kamba imezunguka paji la uso, mtungi mkubwa mgongoni na mwingine mdogo juu yake, na shuka lote mgongoni limelowa. Alikuja hivyo hivyo hadi mlangoni, akapiga goti moja, na Mama Wariara akatoka mbio kumpokea mitungi. Kamba ilipotoka, alama yake ilibaki kichwani imezama, nyekundu. Alikaa kwanza chini, akahema. Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akatugeukia.

Mutindi: Mwĩ aseo?

Tukamjibu sote kwamba tuko salama, na Aleluya akamsogezea jiwe akalie. Hakulikalia.

Mutindi: Nimesikia kicheko mpaka kule kwa posho mili ya kusaga unga. Imepona?

Muthama: Bado, mwaitu, mama yangu. Njogu alileta nyingine. Hakuelewa.

Mutindi: Ni upande gani ilivunjika?

Injinia: Ya wanawake! Ndiyo tunamweleza huyu. Upande ya wanawake haina nguvu, haiwezi kubeba. Ni maumbile.

Mutindi aliitazama baiskeli, na keria, na stendi, na kengele. Akaishika pedeli iliyobaki, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka vizuri sana, bila hata kelele, maana Injinia alikuwa ameipaka mafuta tangu asubuhi akingoja ile nyingine.

Mutindi: Na hii?

Injinia: Hiyo ni ya wanaume. Hiyo ni nzima! Hiyo haina shida.

Mutindi: Tangu Jumatatu?

Injinia: Tangu mzungu!

Mutindi: Haya. Basi wazee wangu, niambieni kitu moja, mimi sikusoma. Kama ya wanaume ni nzima na ya wanawake ndiyo haiwezi kubeba, mbona tangu Jumatatu maji yanabebwa na ya wanawake, na ya wanaume imekaa hapa inakunywa?

Hakusema kwa ukali. Alingoja kabisa ajibiwe. Habari alimtazama Aleluya. Aleluya alilirudisha lile jiwe mahali pake. Injinia alianza kuifuta spana iliyokuwa safi. Ndani, Mama Wariara alikuwa ameanza kumimina maji kwenye birika, na sauti yake tuliisikia vizuri, kila tone. Nilitazama kile kikombe changu nilichokilalamikia kwamba ni nusu.

Mutindi alichukua kikombe kilichokuwa mbele ya mumewe, akanywa kilichobaki, akakirudisha. Akaanza kuikunja kamba yake apate kurudi, kwa sababu safari za siku hiyo zilikuwa bado hazijaisha.

Muthama akainuka. Akaichukua ile kamba mkononi mwake, polepole, akaokota na ule mtungi mkubwa ambao Mama Wariara alikwisha kuumimina akaurudisha mlangoni. Akaigeuza kamba hivi, akaigeuza vile, akaipachika begani, ikateleza.

Muthama: Mutindi. Hii inavaliwa namna gani?

Soko zima lilikuwa linatazama, na mwanamume Mkamba kubeba maji kwa kamba ya kichwa ni jambo ambalo watoto hulifuata mpaka mtoni wakipiga vigelegele. Mutindi akamwinamisha, akamvalisha, akamweka sawa hapo juu ya nyusi.

Mutindi: Hapo. Na usiangalie watu. Angalia chini.

Wakaondoka, yeye mbele na mumewe nyuma. Njogu akavaa kofia yake, akachukua ile pedeli yenye maua, akasema Jumatatu anarudi Kitui, na atasema kushoto. Tulibaki hapo kwenye kiti cha lori, tukitazama miguu yetu, yote miwili.