Munganga Modeste Hitimana, aliyeomba anyang'anywe ufunguo

Muzee Modeste Hitimana alizaliwa Masisi tarehe 14 Machi 1961, mutoto wa tatu wa wafugaji. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha uuguzi hapa Goma, akapata diplome mwaka wa 1983. Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Mama Perpétue.

Kazi yake ilikuwa kuwalaza usingizi wagonjwa wa operesheni. Mwaka wa 1994, wakimbizi walipojaa mji mzima, alikaa siku nne bila kurudi nyumbani. Wanafunzi aliwaambia kila siku: "Morphine haiponeshi kidonda. Inazuia tu habari ya maumivu isifike kwenye ubongo. Ukizidisha, mugonjwa anasahau hata kupumua. Hesabu pumzi zake mbele ya sindano!" Asiyehesabu alifukuzwa chumbani, hata awe mutoto wa shemeji yake.

Oktoba 2008, huko Kibati, kipande cha bombe kilimvunja paja. Morphine ilimtuliza. Lakini mufupa ulipona, mwili ukaendelea kuidai. Alitetemeka, akatoka jasho, akaongeza kipimo, mwisho akachukua ampoule, vichupa vya morphine, katika kabati ya kazi. Ndiyo, alichukua. Mwenyewe alituagiza sisi watoto wake tusome hivi, tusimfiche. Hakuna aliyemkamata. Alimwita mwenzake wa kazi, Mama Namegabe, akamwekea ufunguo wa kabati mkononi: "Usinirudishie, hata nikikulilia." Na alimlilia, masikini! Mama Namegabe hakumrudishia. Miaka kumi na mitatu dawa ile haikuingia tena mwilini mwake.

Septemba 2022 kansa ilimkamata, ikaingia katika mifupa. Alikataa morphine, akamwambia mke wake, akimwita kwa jina la mutoto wao: "Nilishatoka utumwani, Mama Moïse. Niache niumie." Kilio chake kilifika hadi kwa majirani. Mama Perpétue alichoka, akamkaripia: "Wewe umetuliza watu wote wa Goma, mbona mwili wako ndio unauazibu? Chupa ya morphine ya kunywa itakaa kwangu. Nitakupimia mimi, mbele ya watoto." Muzee akafungua kinywa, akameza. Siku ile alikula fufu, akatucheka namna tulivyomkodolea macho. Akasema: "Zamani nilikuwa najificha. Leo munaniona wote."

Alifariki tarehe 9 Mei 2023, asubuhi, maumivu yakiwa yametulia, mkono wake mkononi mwa Mama Perpétue. Ameacha mjane, watoto wawili, Moïse na Jolie, wajukuu watano, na Mama Namegabe, ambaye kwetu ni ndugu. Apumzike kwa amani Papa yetu. Hatuna haya hata kidogo ya kulitaja jina lake.