Uso wa Ken Dirishani

Levis: Haloo? Ni nani huyo?

Susana: Hapa ni sakristia, Homa Bay. Wewe nani?

Levis: Shemeji, ni mimi Levis. Niko kibanda cha simu, Migori. Tumsifu Yesu Kristu.

Susana: Milele... amina.

Levis: Mbona sauti hivyo? Picha ya Ken wameshaiweka?

Susana: Imewekwa. Lakini si yeye.

Levis: Ati?

Susana: Nywele nyeupe, macho yanawaka. Mume wangu hakuwa hivyo.

Levis: Haiwezekani. Nilifuata picha yake mraba kwa mraba. Palipo peusi nikalitoboa bati matundu makubwa, palipo peupe madogo.

Susana: Mama ameiona, Levis.

Levis: Mama? Si angeiona kesho, padre akiibariki?

Susana: Amekuja leo. Anasema hivyo ndivyo mtoto wake alivyo kule chini mgodini, Macalder.

Levis: Wameiweka wapi?

Susana: Dirishani. Katekista alitaka hewa ipite.

Levis: Nilisema ukutani! Mwanga ukitoka nyuma, kila tundu linawaka. Penye giza panakuwa peupe. Itoeni.

Susana: Wamechomelea.

Levis: Basi kesho alfajiri naja na msumeno—

Susana: Kesho Mama hayupo. Anafunga kikapu, anarudi Ndhiwa. Anasema hakanyagi hapa tena. Shemeji, shimo halikuturudishia mwili. Mama hana kaburi la mwanawe. Ana hilo bati lako tu.

Levis: Najua. Ee Mungu wangu. Ngoja... Mna kitambaa cheusi? Kizito?

Susana: Hapa ni vya madhabahu, vyeupe vyote.

Levis: Tafuta, dada. Kizibe dirisha kwa nje, si ndani. Kisha mfungue milango, mwanga umpige usoni.

Susana: Nina shali yangu. Hii ya msiba.

Levis: Hiyo... utaivua?

Susana: Nitaivaa mpaka lini? Bathsheba, mwanangu! Shika hii, zunguka nje, izibe dirisha lote.

Levis: Mama yuko wapi?

Susana: Mlangoni pa kanisa, namwona toka hapa. Mama, ngoja kidogo. Tafadhali, Mama.

Levis: Mzuie.

Susana: Namzuiaje na simu mkononi? Bathsheba, juu zaidi. Na pembe ile.

Levis: Imeshika? Susana?

(Mkwaruzo.)

Susana: Ni yeye.

Levis: Kweli?

Susana: Anacheka kwa upande mmoja, vile vile. Levis, ni Ken.

Levis: Na Mama? Harakisha, sarafu ndiyo hii ya mwisho.

Susana: Amegeuka. Ameweka kikapu chini. Anamwendea... amemshika shavu.

Levis: Anasema nini?

Susana: Anaongea naye.

Levis: Nini, shemeji?

Susana: Anamuuliza kama amekula.

Levis: Usimwondoe hapo. Mwache. Nakuja usiku huu huu, mwambie Ma—

(Simu imekatika.)