Mikono ya Mbah Sarpan

— Rupia laki tano kwa mikono ya marehemu? nikasema, nikatua kikombe kwa nguvu. — Mbuzi mwenyewe hapatikani kwa hiyo.

Tulikuwa kwenye benchi nje ya banda la kahawa, hapa Jepara, mji wa wachongaji wa Java, miguu ndani ya maranda ya msaji. Simu tumeiegemeza kwenye sahani ya tempe, soya ya kukaanga, inaonyesha video ya dakika moja ya kuzinadi nakshi zetu. Mchongaji ndani yake ni mzee jirani yetu, Mbah Sarpan, aliyefariki kabla haijakamilika. Mbak Ratri, binti aliyeirekodi, alikaa mwisho wa benchi na karatasi ya idhini. Mjane akisaini, analipwa, video inakwenda duniani. Tulikuwa tunamsubiri. Ushauri tulishaandaa, ingawa hakutuomba.

— Mbona uso haupo? nikamuuliza Ratri. — Mikono tu, kama ya mwizi.

— Ni ishara, Kang Rokhim. Mikono ni ya mababu wote. Uso ungekuwa wa mtu mmoja.

— Kwani waliochonga walikuwa wangapi?

Tasmo, tunayemwita Msasa kwa kupenda kulainisha mambo, akaingilia:

— Mficha uchi hazai, Kang. Uso umefichwa ili biashara izae.

— Methali inasema kinyume, Msasa.

— Wewe kunywa kahawa.

Wiji, tunayemwita Pak Guru ingawa darasani alikaa miaka minne tu, akainamia simu.

— Mtazameni tausi huyo anayechongwa. Kageukia mashariki. Wajapani wanaitwa kimyakimya. Na maranda yanadondoka taratibu: haraka haraka haina baraka, yaani bei haishuki.

— Na inzi aliyepita?

— Inzi ni ushuru.

Ratri akaandika hilo.

Bu Kamsinah, mjane mwenyewe, akafika. Msasa akampisha, akammiminia kahawa kwenye kisosi ipoe. Mama akatazama, kisha akapapasa kidole gumba cha mumewe pale kwenye kioo. Picha ikaganda.

— Ukigusa inasimama, Bu, nikamwambia, nikaianzisha tena.

Akaweka mikono mapajani, akaangalia mpaka mwisho.

— Ngoma hii ya nini?

— Gamelan, Bu, akasema Ratri. — Muziki wa kale wa Java; unaashiria mila yetu.

— Naona nyundo inashuka. Mbona hagongi?

Nikainamisha sikio kwenye simu: gamelan tupu. Mtaa huu kila mchongaji tunamjua kwa mdundo wa nyundo yake, hata ukuta ukiwa katikati. Mbah Sarpan aligonga mbili, akanyamaza, akagonga moja. Akinyamaza kwa muda mrefu, mkewe alijua amegeuza ubao, akampelekea chai. Miaka arobaini. Na mimi, mwenye mdomo wangu, nilitazama video ile mara sita nikilalamikia uso.

— Niliitoa sauti, Bu, Ratri akasema chini chini. — Niliona ni kelele.

— Umeitupa?

— Hapana. Ipo nyumbani, kwenye kompyuta.

Bu Kamsinah akamrudishia karatasi.

— Niletee kelele yangu.